Macho ya Shwari yakiingia ukungu

Asubuhi ya leo nimekuta gamba zima ndani ya tangi anamoishi Shwari, chatu wangu. Lilikuwa limelala kuanzia kwenye tundu la kisanduku chake hadi nyuma ya gogo, halijakatika popote. Nimelinyoosha mezani polepole likiwa bado bichi, nikaanza kukagua kichwani. Vioo vyote viwili vya macho, yaani vile vifuniko vyembamba vya jicho, vimo. Nikafuata mgongo hadi mkiani: ncha imo. Nimefurahi mno, maana mara mbili huko nyuma haikuwa hivi.

Shwari ni chatu jike wa aina ya Python regius, wale ambao wakiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Nilipoanza kumfuga sikujua kwamba kujivua gamba ni shughuli ya wiki moja hadi mbili, na kwamba nikiliona gamba, mengi yamekwisha kupita. Kwanza rangi hufifia na tumbo huwa na wekundu kidogo. Kisha macho huingia ukungu wa buluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Ukungu huo ni majimaji yanayojaa kati ya ngozi kuukuu na mpya ili ziachane. Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na gamba moja jembamba linalopitisha mwanga, nalo huvuliwa pamoja na mengine. Siku chache baadaye macho hung'aa tena, ukadhani amemaliza. Hajamaliza. Ngozi hutoka siku chache baada ya hapo.

Mara ya kwanza hewa ya ndani ilikuwa kavu sana na mimi sikuwa na kipima unyevu. Nilipokuja kukinunua kilisoma asilimia 38. Ngozi ilimtoka vipande vipande. Nilipoona kipande kinaning'inia mgongoni nikakishika nikakivuta, kwa nia njema kabisa. Kikatoka na sehemu ambayo haikuwa tayari, na ngozi mpya chini yake ikabaki nyekundu kwa siku kadhaa. Alikuwa akijikunja kila nilipokaribia. Hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifundisha kwamba kazi yangu ni kuiweka sawa hewa anayokaa. Ngozi aivue mwenyewe.

Kwa hiyo siku za kawaida namwekea unyevu wa asilimia 55 hadi 60, na nikiona tu macho yanafifia napandisha hadi kama 70. Chini nimetandaza makumbi ya nazi, yanashika maji vizuri. Namimina kidogo kwenye pembe na kuacha juu pakauke. Bakuli lake la maji ni pana, anaweza kuingia mzima akitaka. Wapo wanaolowesha tangi zima wakidhani wanasaidia. Nawasihi wasifanye hivyo. Nyoka akilalia majimaji siku nyingi, magamba ya tumbo huanza kuoza, na hewa isiyopita humletea maradhi ya mapafu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kisanduku. Nimechukua chombo cha plastiki chenye kifuniko, nikatoboa tundu linalozidi kidogo unene wa mwili wake, nikapiga msasa kingo zisimkwaruze. Ndani naweka karatasi laini zilizoloweshwa na kukamuliwa vizuri, zisichuruzike. Kinakaa karibu na upande wenye joto. Karatasi nabadilisha kila siku mbili zisiote kuvu. Nje ya hapo tangi linabaki kavu kiasi, naye huchagua mwenyewe. Safari hii amelala humo siku nne mfululizo.

Gogo nalo lina kazi. Gamba huanza kufunguka midomoni, nyoka akisugua pua kwenye kitu kigumu, kisha hujigeuza ndani nje kama soksi inayovuliwa mguuni.

Wakati macho yana ukungu simshiki na simpi panya. Haoni vizuri, na mkono unaotokea ghafla humtisha. Amewahi kunirukia siku kama hizo, naye si mkali hata kidogo.

Mara ya pili gamba lilitoka karibu lote, ila kioo cha jicho la kushoto kikabaki. Jicho lilionekana kama lina vumbi, na kingo zake zimekunjamana. Niliambiwa nitumie kibano, mwingine akasema utepe wa gundi. Sikuthubutu, na nashukuru. Chini ya kioo kikuukuu kuna kipya, ukikosea kidogo tu umeharibu jicho. Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka, akalitazama kwa lenzi, akasema niongeze unyevu na nisubiri. Kikatoka chenyewe katika gamba lililofuata. Jicho likivimba, au kioo kikibaki tena, si la kusubiri, ni la kwa daktari.

Mkia nao usipuuzwe. Pete ndogo ya ngozi kavu ikibaki pale huzidi kukaza, damu haifiki, ncha ikafa. Nikiiona naweka maji ya uvuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30 kwenye beseni, kina kisichofika nusu ya unene wake, na nakaa naye hapo dakika 20 bila kuondoka. Kisha namfunika kwa taulo bichi na kumwacha apite mkononi mwangu. Nashika kwa ulegevu tu. Mwendo wake ndio unaoivua.

Ngozi ikikatika kila mara ingawa hewa ni nzuri, tazama pia kwenye bakuli lake la maji. Vidoto vyeusi vinavyotembea ni utitiri.

Gamba la leo ni refu kuliko Shwari mwenyewe, maana ngozi hunyooka inapotoka, kwa hiyo sipimii urefu hapo. Nimeandika tarehe kwenye daftari lake. Yeye yuko chini ya gogo, kahawia yake imekolea na ulimi unatoka na kurudi. Hajala kwa siku 12. Panya wake nimemtoa kwenye barafu, anayeyuka taratibu.