Anayelipa si yule unayemtetea: kazi yangu kati ya bima na viza za kazi

Nilianza uwakili hapa Marekani katika utetezi wa bima. Mtu anashtakiwa kwa ajali, na kwa kuwa ana bima, kampuni yake ya bima inamtafutia wakili na kumlipa. Saa zangu zilihesabiwa kwa vipande vya dakika sita, na ripoti zangu zilikwenda kwa afisa wa madai, ambaye ndiye mwenye kauli kuhusu fedha za kumaliza shauri. Hata hivyo niliyekuwa namtetea ni yule aliyeshtakiwa, na siri zake zilikuwa amana kwangu.

Kuna dereva mmoja simsahau. Tulikuwa tukijiandaa kwa mahojiano ya kiapo, akaniambia kwamba siku ya ajali alikuwa amebeba mizigo ya watu kwa malipo, ilhali gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi. Afisa wa madai angelijua hilo, kampuni ingepata sababu ya kujitoa. Sikumwambia. Dereva nilimweleza kwamba akiulizwa chini ya kiapo ni lazima aseme kweli, na kwamba kuhusu bima yenyewe atafute wakili mwingine, kwani mimi siruhusiwi kuligusa suala hilo kwa faida ya upande wowote. Ripoti yangu ikabaki kwenye mwendo wa gari, breki na taa za barabarani.

Nilipoingia kwenye viza za kazi, wenzangu walishangaa nimevukaje kutoka huku hadi kule. Kwa leseni hapakuwa na shida: uhamiaji ni sheria ya shirikisho, hivyo wakili wa jimbo moja anaweza kuhudumia waajiri wa majimbo mengine. Kilichonisaidia zaidi ni kwamba swali la nani analipa nilikuwa nimeshaishi nalo. Katika H-1B, viza ya kazi ya muda kwa wataalamu wa kigeni, gharama ya wakili wa mwajiri haiwezi kubebeshwa mfanyakazi; katika uthibitisho wa ajira wa Wizara ya Kazi unaotangulia maombi mengi ya ukaazi wa kudumu, katazo kama hilo lipo tangu 2007. Kampuni inalipa, lakini maisha yaliyo ndani ya faili ni ya mtu mwingine.

Tofauti ni kwamba huku mara nyingi wote wawili ni wateja wangu. Kwa hiyo kabla ya karatasi yoyote kusainiwa namwambia mfanyakazi waziwazi: "Jambo lolote utakaloniambia kuhusu ombi hili, siwezi kumficha mwajiri wako." Ridhaa yao naichukua kwa maandishi. Wengine hunyamaza kidogo, kisha huuliza maswali mazuri sana, hasa kuhusu nini kitatokea wakiacha kazi. Heri wayaulize siku hiyo.

Utetezi wa bima ulinipa pia jicho la ushahidi. Chukua ombi la L-1B, la mfanyakazi anayehamishwa ndani ya kampuni kwa sababu ya ujuzi wake maalumu. Kampuni huniletea barua inayosema "ana ujuzi wa hali ya juu wa mifumo yetu." Maneno hayo hayambebi mtu. Nakaa na msimamizi wake, nauliza kama ningemhoji shahidi: mfumo upi? Nani mwingine anaujua? Kumfundisha mgeni kunachukua muda gani? Majibu yanaingia kwenye barua, na kila dai linaambatana na kielelezo chake: ratiba za mafunzo, michoro, kumbukumbu za miradi. Barua ya kutakiwa ushahidi zaidi ikija kutoka idara ya uhamiaji, jibu huwa tayari nusu yake imo kwenye faili.

Bado nafanya kazi zote mbili. Machi ndiyo ngumu, maana ndipo waajiri husajili majina kwa bahati nasibu ya H-1B: nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani. Mawakili wa upande wa pili niliowazoea nimewaomba tusipange mahojiano ya kiapo mwezi huo. Wengi hukubali, nami huwarudishia fadhila wanapobanwa wao.