Altaneta nzima, betri haishibi

Gari langu la zamani lilikuwa likiwaka kwa uvivu, na usiku ukiwasha taa kubwa pamoja na feni, mwanga unafifia. Kilichonitia shaka zaidi ni geji ya joto: mshale unapanda papo hapo taa zinapowashwa, na kushuka zikizimwa. Injini haiwezi kupata joto na kupoa upesi hivyo. Sensa yake hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi) kupitia chuma cha injini, basi nikaanza kuitazama ethi kabla ya kumsikiliza yeyote aliyesema nibadilishe altaneta, yaani kifaa kinachochaji betri.

Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikawasha injini, taa na feni: betrini 12.9, lakini kwenye altaneta yenyewe, kati ya terminali yake kuu na bodi yake, 14.3. Chaji ilikuwepo, ila haifiki.

Imepotelea wapi? Hapa mita huwekwa kwa namna ambayo wengi hawaizoei: ncha zote mbili upande mmoja, yaani chanya na chanya au hasi na hasi, huku taa na feni zikiwa zimewashwa. Toka terminali kuu ya altaneta hadi chanya ya betri nilipata volti 0.2, ambayo inavumilika. Toka hasi ya betri hadi chuma cha injini, 1.2! Upande huo ukivuka 0.2 kuna tatizo.

Kupima ukinzani kwa mita ya kawaida hakusaidii. Kwa ampia 40, volti 1.2 hupotea kwenye omu 0.03 tu, na nyaya za mita zenyewe huweza kuzidi hapo.

Ili kuhakikisha, niliunganisha waya wa kubusti toka hasi ya betri hadi kwenye injini. Taa zikang'aa palepale.

Injini hukaa juu ya raba, kwa hiyo umeme hupita kati yake na bodi ya gari kwa waya wa ethi peke yake. Wa kwangu ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti, mahali ambapo jicho halioni. Nilitoa hasi ya betri kwanza, nikasugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, nikafunga waya mpya mnene zaidi, kisha grisi juu yake kuzuia maji. Sasa upotevu ni volti 0.05, betri inapata 14.1 taa zikiwa zimewaka, na altaneta ni ileile.