Goti Langu na Msimu wa Kusi Niliouacha Upite

Ligamenti ya msalaba ya mbele, ukanda mgumu unaounganisha mifupa ndani ya goti, ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele ya mfupa wa paja, na ndiyo inayolituliza goti mtu anapogeuka ghafla akiwa ameukita mguu chini. Yangu ilikatika Paje, Zanzibar, mwezi wa Januari, upepo wa kaskazi ukivuma vizuri na maji ya bamvua yakitoka kwa kasi. Nilikuwa nimeruka na kaiti, tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini, na wakati wa kutua ukingo wa ubao ulishika kwenye fungu la mchanga ambalo muda mfupi kabla lilikuwa limefunikwa na maji ya kutosha. Mguu wa nyuma ulibaki ndani ya mkanda wa ubao, kiwiliwili kikazunguka, nikasikia ndani ya goti mlio mfupi kama wa kamba inayokatika. Maumivu yalipungua upesi. Kilichonitia hofu ni uvimbe uliolijaza goti kabla ya magharibi, kwa kuwa goti linalovimba saa chache baada ya mlio wa namna ile mara nyingi huwa limejaa damu, na kukatika kwa ligamenti hii ndiyo sababu kubwa ya damu hiyo.

Kituo cha kwanza nilichopelekwa walipiga picha ya eksirei, wakaona mifupa ni mizima, wakanipa dawa za maumivu na kuniruhusu niende nyumbani. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wenzangu wa mpira na wa baharini: eksirei huonesha mifupa, haioneshi ligamenti. Kipimo cha awali ni mikono ya tabibu anayejua, ambaye hulikunja goti kidogo, akalishika paja kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akauvuta muundi mbele huku akilinganisha na mguu mzima. Daktari aliyenifanyia hivyo baadaye aliuona muundi wangu ukija mbele bila kuzuiliwa na kitu, na kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonesha hata ligamenti, kikathibitisha.

Nyumbani, mama alitaka aitwe mzee wa kijijini anayesifika kwa kuchua, aje na mafuta ya makonyo. Nilimwambia, "Mama, mzee aje, anichue paja na shavu la mguu, lakini goti lenyewe tumwachie daktari." Akanijibu, "Haya mwanangu, Mungu atajaalia kheri." Kuchuliwa kulinipa nafuu ya misuli iliyokakamaa, ingawa ligamenti iliyokatika katikati haiungwi kwa kuchua.

Si kila mtu anahitaji upasuaji, na wapo wanaoishi vizuri kwa mazoezi peke yake, hasa wale ambao kazi zao hazina kuruka wala kugeuka ghafla. Kazi yangu ni kufundisha kaiti, kwa hiyo niliuchagua. Hata hivyo daktari hakukubali kunipasua goti likiwa limevimba, kwa sababu goti lililokakamaa kabla ya upasuaji huelekea kubaki limekakamaa baada yake. Nilifanya mazoezi kwanza mpaka likanyooka kabisa, na mwezi wa Machi nikavuka kwenda Dar es Salaam, katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Walichukua ukano, yaani kamba ngumu inayoshikiza misuli kwenye mfupa, kutoka misuli ya nyuma ya paja langu, na ili uchukue nafasi ya ligamenti wakaupitisha kwenye matundu waliyoyatoboa katika mifupa miwili, wakiongozwa na kamera ndogo iliyoingizwa ndani ya goti.

Wiki za mwanzo lengo lilikuwa kulinyoosha goti na kuliamsha paja, ambalo baada ya upasuaji husinyaa kwa kasi ya kushangaza. Nililala chali kisigino kikiwa juu ya taulo lililokunjwa, nikalibana paja na kulilegeza, tena na tena, mpaka misuli ikaanza kutii. Baiskeli yetu ya Phoenix tuliitundika gurudumu la nyuma lisiguse chini, nikawa napiga pedali uani. Kipimo changu cha ndani kilikuwa swala. Kwa muda mrefu niliswali juu ya kiti, kwa kuwa kukaa tahiyyatu kunalitaka goti likunjwe hadi mwisho na libebe uzito; siku niliporudi kwenye mkeka nililia, na sioni haya kuliandika.

Kipindi kigumu hasa kilikuja goti lilipokwisha kupoa. Mwezi wa Juni kusi lilianza kuvuma, kaiti za wenzangu zikajaa angani, nami nilikuwa natembea, napanda ngazi, sichechemei. Mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, alinikataza kabisa kurudi majini, na maelezo yake ndiyo yaliyonitosheleza. Ukano uliopandikizwa hauna damu yake. Katika miezi ya mwanzo hudhoofika kwanza, kisha mishipa ya damu na chembechembe mpya huingia na kuujenga upya taratibu, na ujenzi huo huendelea hata baada ya mwaka. Mtu hujihisi amepona wakati ambapo kilichomo ndani bado ni dhaifu. Uchunguzi uliofanyiwa wanamichezo umeonesha kuwa kila mwezi mtu anaochelewesha kurudi, hadi mwezi wa tisa, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Nikaliacha kusi lipite.

Katika miezi hiyo nilisoma sana habari za wanaoteleza kwenye theluji, kwa sababu jeraha hili kwao ni la kawaida na wageni ninaowafundisha wengi hucheza michezo yote miwili. Vishikizo vya kisasa vinavyofunga kiatu kwenye mbao za theluji hufyatuka mtu anapoanguka, na vimepunguza sana kuvunjika kwa muundi, lakini havijailinda ligamenti kwa kiasi hicho. Lindsey Vonn, mwanamichezo wa kuteleza kwenye theluji wa Marekani, aliumia goti Februari 2013 huko Schladming, Austria, akaliumiza tena goti lile lile kabla ya mwaka kwisha, na akaikosa Olimpiki ya Sochi ya 2014. Januari 2015, huko Cortina d'Ampezzo, aliivunja rekodi ya wanawake ya ushindi 62 katika Kombe la Dunia la mchezo huo. Kisa hicho kilinipa moyo na tahadhari kwa pamoja.

Ruhusa ya kurudi haikutokana na kalenda peke yake. Niliruka kwa mguu mmoja juu ya sakafu, umbali ukapimwa kwa futikamba, kisha mguu mwingine. Nguvu za paja nazo zikalinganishwa. Mguu uliopasuliwa ulitakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake katika yote. Mara ya kwanza haukufika, nikaongezewa mazoezi ya kuchuchumaa na kubeba uzito. Ulipofika, kaskazi lilikuwa limeanza.

Nilianza kwa upepo wa wastani, ubao mkubwa na maji ya kiunoni, nikienda na kurudi bila kuruka, na nikitoka majini kabla paja halijachoka, kwa maana misuli iliyochoka hailindi goti. Kuruka nilikuacha mwisho kabisa.

Mazoezi sikuyaacha, kwani misuli iliyotolewa ukano bado inahitaji kuimarishwa. Wenzangu wa ufukweni sasa huungana nami alasiri kabla ya kushuka majini, na zoezi ninalolisimamia kwa ukali zaidi ni la kuruka na kutua kwa mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa na kuelekea kwenye vidole, lisiangukie ndani.