Magadi ya Mama

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kwenye shule moja ya bweni mkoani Kilimanjaro. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mtu mpole, ila kwenye jambo moja alikuwa bahili kupindukia: fomula. Hakumpa mtu fomula ya kitu chochote ambacho kingeweza kupimwa. Ukimwuliza mrututu, ile salfeti ya shaba, umebeba maji kiasi gani, anakuonyesha kwa kidevu tu: mizani ile pale, moto ule pale.

Basi muhula wa kwanza wote tulichoma mrututu. Unaweka unga wa bluu kwenye kikombe cha kauri, unapima, unachoma taratibu mpaka bluu yote iishe ubaki unga mweupe, unapima tena. Kilichopungua ni maji. Maji unayagawa kwa 18, unga mkavu unaugawa kwa 159.5, yaani uzito wa moli moja ya kila kimoja (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), halafu unalinganisha moli za huku na za kule kujua kila chembe ya mrututu imebeba molekuli ngapi za maji. Mwenye subira alipata 4.9 au 5.1, akaandika tano na roho yake ikatulia. Wenye haraka walipata nne na kitu, maana molekuli nne za maji zinaondoka kwenye joto la kama nyuzi 110, lakini ya tano inang'ang'ania mpaka karibu na 200. Mwalimu alikuwa akiitazama nne ya mtu na kumrudisha kwenye jiko bila kumwambia kwa nini.

Mrututu ukaisha, na hela ya kununua mwingine haikuwepo. Mwalimu akatangaza kwamba wenye ruhusa ya kwenda nyumbani Jumamosi, kila mmoja arudi na kitu cheupe ambacho hajui fomula yake.

Jumatatu meza ya maabara ilijaa kama genge. Kulikuwa na shabu, chokaa, hamira, chumvi ya mawe, hata dawa ya meno. Hamira ilitolewa nje papo hapo kwa sababu ni kiumbe hai. Dawa ya meno nayo ikatolewa, kwamba hiyo ni vitu kumi ndani ya tyubu moja. Mimi nilikuwa na magadi, na mwalimu alipoyaona akavisogeza vingine vyote pembeni.

Niliyatoa kwa mama. Alikuwa na meza sokoni Mbuyuni, Moshi mjini, akiuza maharage, mahindi ya makande na dagaa, na miguuni pake gunia la magadi lililokunjwa mdomo. Yalikuwa magadi ya upande wa Ziwa Natron, yaliyofika Moshi kwa lori kupitia Arusha.

"Mama, naomba magadi, ila yale masafi. Ni ya shule."

"Siku hizi mnajipikia makande?"

"Hapana. Tunataka kujua yametengenezwa na nini."

Alinitazama. "Na Mungu," akasema, akaendelea kumpimia mteja maharage.

Mteja alipoondoka aliinama akaanza kuchambua. Sijawahi kuona mtu akichambua mawe kwa makini vile. Bonge lenye vumbi la kijivu alilirudisha bila kulitazama mara mbili. Lenye wekundu wekundu alilivunja kwa kuligonga ukingoni mwa meza, akaangalia ndani, akaliweka kando. Alipopata lililovunjika kwa nyuzinyuzi ndefu zinazopitisha mwanga, alilamba, akatema, akanipa. "Haya ndiyo wanayoyagombea wauza ugoro. Wa makande hawachagui, wa ugoro wanachagua."

Darasani kila mtu alidhani anajua jibu. Kijana mmoja wa Same aliandika Na₂CO₃, yaani kaboneti ya sodiamu, ubaoni kabla hata bonge halijasagwa, akatia mstari chini yake mara mbili. Mwalimu hakuifuta. Alituambia tusage magadi kwenye kinu kidogo, tupime gramu 2.50, tuyeyushe kwenye maji mpaka yafike sentimita za ujazo 250, halafu tutafute kwa asidi kilichomo.

Mizani yenyewe ilikuwa ya zamani, imekaa ndani ya sanduku la kioo, na mawe yake ya shaba tuliyashika kwa kibano kwa kuwa hata mafuta ya vidole yana uzito. Ukishusha kioo kwa nguvu, mshale unacheza dakika nzima. Ndiyo maana foleni ya mizani ilikuwa ndefu kuliko ya chakula cha mchana.

Tulichukua sentimita za ujazo 25 kwa pipeti, tukadondosha kiashiria cha fenolfthalini, maji yakawa ya waridi iliyokolea. Kwenye bureti, ule mrija wenye alama za ujazo na koki chini, kulikuwa na asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M. Waridi ya kaboneti haikatiki ghafla. Inafifia, inafifia, mpaka watu wawili wanabishana kama imeisha au bado. Mwalimu alikuwa ameweka chupa ya maji matupu juu ya karatasi nyeupe ili tulinganishe. Kwenye kundi letu tulikubaliana kwamba imekwisha kwenye 10.6.

Sasa kiashiria cha pili, methili oranji, rangi ya njano. Hapa ndipo dai la yule kijana wa Same lingesimama au kuanguka. Asidi hufanya kazi kwa hatua. Kwanza huigeuza kaboneti kuwa baikaboneti, na waridi hufia hapo. Baadaye huimaliza hiyo baikaboneti. Kama magadi ni kaboneti tupu, hatua ya pili inakula asidi sawasawa na ya kwanza, kwa hiyo njano ingegeuka kwenye 21.2. Tuliinama wote mbele ya bureti, mmoja ameshika koki, mwingine anazungusha chupa. Ishirini. Ishirini na moja. Tukapita 21.2, na njano ilikuwa njano vilevile.

Mshika koki alisimama akatazama ubaoni. Mwalimu akamwambia asisimame.

Rangi ilibadilika kwenye 31.7. Ukitoa 10.6 unabaki na 21.1, karibu mara mbili kamili ya hatua ya kwanza. Maana yake kwenye yale magadi, mbali na baikaboneti iliyozaliwa na kaboneti mbele ya macho yetu, kulikuwa na baikaboneti nyingine iliyokuja nayo kutoka ziwani, tena kwa idadi ileile: moli moja kwa moja. Makundi mengine yalipata hivyohivyo, kila moja na vidoti vyake. Kijana wa Same alikwenda mwenyewe ubaoni akaongeza ·NaHCO₃, na mistari yake miwili akairefusha.

Lakini hesabu haikujaa. Ndani ya gramu 2.50, kaboneti ilikuwa 1.12 na baikaboneti 0.88. Jumla 2.00. Nusu gramu iko wapi? Darasa zima likajibu kwa pamoja: maji! Si tumefundishwa na mrututu? Tukagawa 0.50 kwa 18, tukalinganisha na moli za kaboneti, tukapata 2.6.

Mtu aliyewahi kutafuta fomula anajua namba kama hiyo inavyokera. Ingekuwa 1.98 ungeandika mbili. Ingekuwa 2.5 ungezidisha zote kwa mbili na kuendelea. 2.6 haina adabu. Kundi moja liliikaza ikawa tatu. Jingine liliishusha ikawa 2.5, likaandika fomula yenye maji matano. Kundi la nyuma kabisa, ambalo lilikuwa na watu wanaopenda hisabati kuliko kemia, lilizidisha kila kitu kwa tano na kutuletea 5Na₂CO₃·5NaHCO₃·13H₂O. Tulicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Yeye hakucheka. Alisema wale wa nyuma ndio pekee walioiheshimu namba yao. Kisha akatuambia habari za Dalton, mtu wa atomu, ambaye alikuwa na vipimo vya uzito wa hidrojeni na oksijeni ndani ya maji na bado akayaandika maji kuwa atomu moja kwa moja, HO. Tatizo halikuwa mizani yake. Alidhani tu kwamba elementi mbili zikiungana kwa namna moja tu inayojulikana, basi ni atomu moja kwa moja. Dhana kama hizo ziliwasumbua wanakemia miaka mingi, na utata ulianza kutatuka baada ya Cannizzaro kutoa hoja zake kwenye mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860. "Na ninyi," akasema, "nani amewaambia kilichobaki chote ni maji?"

Kimya. Halafu msichana mmoja aliyekaa dirishani, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, akanyanyua chupa yake ya magadi yaliyoyeyuka. Chini kulikuwa na utando mwembamba wa kijivu. "Huu nao ni maji, mwalimu?"

Kesho yake tulichoma. Gramu 5.00 za unga uleule kwenye kikombe cha kauri, kikombe kwenye sinia la mchanga, sinia juu ya jiko la mchina kwa kuwa gesi hatukuwa nayo. Unachoma, unapooza ndani ya chombo kilichofungwa ili unga usinywe unyevu wa hewani, unapima, unarudisha motoni. Unaendelea hivyo mpaka mizani ikupe namba ileile tena. Maabara ilinuka mafuta ya taa hadi jioni, na utambi ulipoanza kutoa masizi tulifungua madirisha yote, baridi ya mlimani ikaingia, tukavaa masweta tukaendelea.

Tuliishia na 3.58. Zimeondoka 1.42. Ila moto hautoi maji peke yake. Baikaboneti ikichomwa nayo inavunjika, inaachia kabonidayoksaidi na maji yake, inabaki kaboneti. Kiasi hicho tulikijua tayari kutoka kwenye bureti: 0.65. Kwa hiyo maji yaliyokuwa yamejifunga kwenye fuwele ni 0.77. Tukagawa kwa 18, tukalinganisha na moli za kaboneti. Ikaja 2.02.

Nakumbuka jinsi sauti ilivyopanda ghafla mle ndani, maana kila kundi lilifika pale kwa wakati wake. Huku mbili, kule 1.97, kwingine 2.1. Kundi la nyuma walifuta kumi na tatu yao. Ubaoni ikasimama Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, na ndipo mwalimu alipotoa funguo, akafungua kabati, akatuonyesha ukurasa wa kitabu cha madini ulioandika hivyohivyo, chini ya jina trona. Alikuwa nacho muda wote. Kuna waliokasirika. Mimi sikukasirika, nadhani angetuonyesha siku ya kwanza, hakuna ambaye angekumbuka mpaka leo.

Ikabaki 0.23 ambayo si kaboneti, si baikaboneti, si maji. Tulichuja, tukapata mchanga kwenye karatasi. Maji yaliyochujwa tulitia asidi ya nitriki, kisha matone ya nitreti ya fedha, yakaganda meupe: kuna chumvi ya kawaida. Kitu kimoja hatukuwa na namna ya kukipima, nacho nilikifahamu baadaye sana. Magadi ya ukanda ule hubeba floridi, mengine kidogo, mengine kwa wingi, na pamoja na maji ya kunywa ya maeneo mengi ya Arusha na Kilimanjaro, yanachangia yale meno ya kahawia ambayo utotoni tulidhani ni ya ukoo. Fomula ya trona haina herufi F hata moja. Floridi ilikuwa imejificha kwenye uchafu, ndani ya zile 0.23 tulizoziandika "mengineyo".

Ruhusa iliyofuata nilikwenda Mbuyuni moja kwa moja na daftari langu. Nilimweleza mama kila kitu, bureti, njano iliyokataa kugeuka, 2.6 na 2.02. Alisikiliza huku akipepeta maharage. Fomula haikumsisimua hata kidogo. Alichouliza ni kimoja: "Uchafu ulikuwa kiasi gani?"

"Kwenye gramu tano, karibu robo gramu."

Aliacha kupepeta. "Kwenye gunia la kilo mia?"

"Kilo nne na nusu. Tano tuseme."

"Na hayo ni yale niliyokuchagulia kwa mkono wangu."

Muuzaji wa jumla alipoleta mzigo, mama alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa na chai. Kisha akamwambia kwamba kwa muda wote huu amekuwa akimuuzia mchanga, kilo tano kila gunia, na huo ni kwenye magadi mazuri. Yule bwana alicheka. Akasema mama, haya yanatoka ardhini, si kiwandani, mchanga hauepukiki, na hizo kilo tano nani amezipima?

"Maabara," mama akajibu.

"Maabara gani? Ya serikali?"

"Ya serikali."

Shule yetu ilikuwa ya serikali, kwa hiyo hakudanganya. Yule bwana aliishusha ile chai taratibu, akauliza kama wanapima na ya wenzake pale sokoni, na kabla hajaondoka akashusha bei.