Mwendo Mfupi Kutoka Aliposimama Luther

Sikukuu ya Matengenezo, siku tunayomkumbuka Martin Luther, mwanateolojia Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya Kanisa, tulipotoka ibadani, mwanangu aliniuliza: "Baba, ulipokwenda Ujerumani ulipaona pale Luther aliposimama mbele ya Kaisari?" Nikamwambia nilipaona. Tangu hapo nimekuwa nikiuwaza ukuta mmoja.

Ni safari ileile ya ushirikiano wa sharika. Asubuhi wenyeji walitupeleka bustani ya Heylshof mjini Worms, mahali ambapo Aprili 1521 Luther alikataa kuyakana maandiko yake mbele ya Kaisari Karl wa Tano. Pana viatu vikubwa vya shaba. Tukapokezana kuingiza miguu na kupigwa picha. Nilifurahi mno. Habari ile nimekua nayo tangu shule ya Jumapili.

Mchana, mama aliyenipokea nyumbani kwake akasema, "Sasa twende Judengasse."

Ni mtaa mwembamba, umepinda kufuata ukuta wa zamani wa mji, nyumba zimebanana bega kwa bega. Wayahudi waliishi hapo kwa karne nyingi. Sinagogi lao la kwanza lilijengwa mwaka 1034, na Rashi, yule mfafanuzi mkubwa wa Torati, alisoma Worms ujanani mwake. Zama za baadaye malango ya mtaa yalikuwa yakifungwa usiku, watu wakiwa ndani.

Kwenye ukuta wa nje wa sinagogi mama yule alinionyesha mbonyeo. Masimulizi ya Wayahudi wa Worms yanasema mjamzito mmoja alikuwa akipita hapo gari la farasi likamjia kwa kasi, na uchochoro haukuwa na pa kukwepea. Akajibana ukutani, na mawe yakarudi nyuma yakampa nafasi. Mtoto aliyekuwa tumboni akaja kuwa Rabi Yehuda, mcha Mungu mashuhuri. Niliingia mle, nikaegemeza mgongo. Mawe yalikuwa ya baridi, yana chembechembe za mchanga zilizobaki kwenye shati langu. Nilikaa hapo hadi wenzangu wakaanza kuniita. Nilikuwa nikimfikiria mama watoto, ambaye wakati ule alikuwa na mimba ya huyuhuyu anayeniuliza maswali leo.

Nilipotoka, mwenyeji wangu akanieleza yaliyobaki. Novemba 1938 sinagogi lilichomwa moto. Mwaka 1942 Wayahudi waliosalia mjini walisafirishwa kwenda kuuawa. Jengo tunaloliona lilijengwa upya, kwa sehemu kwa mawe yaleyale, likafunguliwa 1961. Kisha akasema, akinitazama usoni: "Mwaka 1543 Luther wetu aliandika kwamba masinagogi yachomwe."

Nilikuwa nimepata kipaimara, nimeimba kwaya, nimekuwa mzee wa kanisa, na sikuwahi kulisikia hilo.

Wajerumani wenyewe wamelisema hadharani: mwaka 2015 sinodi, yaani mkutano mkuu, ya makanisa yao ya Kiinjili ilikiri kwamba maandishi hayo ya Luther yalikwenda kinyume na imani katika Mungu aliyejifunua kwa Yesu Myahudi. Mwanangu anaanza mafundisho ya kipaimara mwakani. Nimependekeza kwenye baraza la wazee watoto wafundishwe mambo yote mawili, 1521 na 1543. Mzee mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, anasema nitawayumbisha wakingali wachanga. Mimi nasema heri walisikie kwetu. Tumelijadili mara mbili, na kikao kijacho limo tena kwenye ajenda.