Kichupa cha watu watano

Kiukweli niliahirisha mara tatu. Chanjo ya Uviko ilivyofika mikoani mwezi wa nane 2021 walitangaza wanaanza na wahudumu wa afya, wenye miaka 50 kwenda juu na wenye magonjwa ya muda mrefu, sasa mama yangu alikuwa na miaka 61 na presha juu, yani ndo mlengwa mwenyewe, na tangu alivyomuona Rais Samia kwenye tivii ya jirani anachomwa pale Ikulu alikuwa ananisumbua kila siku nimpeleke. Mi ndo nilikuwa mzito. Nilikuwa nasema mama tusubiri kwanza tuone.

Huku Igombe, Mwanza, kando ya ziwa, mwanzoni mwa ule mwaka tulizika sana. Neno lenyewe watu walikuwa hawalitaji, ukiuliza marehemu alikuwa anaumwa nini unaambiwa "changamoto ya upumuaji" basi. Baba mdogo wangu aliondoka hivyohivyo. Alianza na kikohozi, tukamfukiza nyungu ya mkaratusi na mchaichai asubuhi na jioni, siku ya nne hawezi kumaliza sentensi, tukampakia kwenye bajaji usiku. Hakurudi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkaratusi natoka nje.

Kwahiyo siwezi kusema sikuamini kama ugonjwa upo. Niliogopa sindano yenyewe, ile habari ya damu kuganda ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu kila saa, na hakuna mtu wa kumuuliza akakujibu bila kukufokea.

Mwezi wa tisa, siku za mbalamwezi, tukaenda zahanati, mi na mama. Tukamkuta mzee mmoja kakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mama akamsalimia, mwangaluka, wakaongea Kisukuma weee, afu sista akatoka akatuambia mpo watatu, tunasubiri wawili. Sikuelewa. Akatueleza kwa utaratibu kwamba hii ya Janssen kichupa kimoja ni dozi tano, ukishakifungua una masaa sita tu, na muda wote huo kinakaa kwenye baridi, ikipita hapo inamwagwa. Sasa akifungua kwa watu watatu, dozi mbili zinazobaki zinaweza kuharibika, na kila mtu anachomwa mara moja tu, ndo imetoka.

Basi nikamuuliza kuhusu damu. Nilitegemea aseme huo ni uzushi. Akasema hapana, ni kweli imetokea, Marekani wenyewe waliisimamisha kidogo mwezi wa nne wakachunguza afu wakaendelea, ni watu wachache mno kwenye mamilioni, ila ukiona kichwa kinauma vibaya hakiachi, kifua kinabana au mguu umevimba, hata kama zimepita wiki mbili njoo hapa usikae nyumbani. Hapo ndo roho yangu ilitulia. Kama angenificha ningeondoka.

Mama akasema hao wawili mi nawaleta. Akashuka mwaloni. Zile siku wavuvi wa dagaa wanakuwaga nchi kavu, maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti dagaa, kwahiyo vijana wapo tu wanashona nyavu, na mi nikawaza kwanini watu wa zahanati wasiwe wanashuka mwaloni na kile kiboksi chao cha baridi siku kama hizi, wangepata watu wa vichupa kumi kwa asubuhi moja, ila zikiingia siku za giza utamkuta nani, wote wanakesha ziwani na mchana wamelala. Baadaye kweli walianza kupita mitaani na masokoni, nilifurahi sana.

Akarudi na kijana mmoja wa mtumbwini na mama mdogo, mjane wa baba mdogo. Nilishtuka. Mama mdogo alikuwa hataki hata kuisikia chanjo. Kaja na kanga ya kuanikia dagaa, mikono ina magamba. Hakukaa. Akamuuliza sista akiwa amesimama vilevile, "Mume wangu angechomwa hii, angepona?"

Kimya kabisa. Sista akaweka kalamu chini. "Wakati ule ilikuwa haijafika huku, mama. Siwezi kukudanganya kwamba angepona. Lakini wanaochanjwa wengi hawafiki kwenye kile alichofika yeye."

Mama mdogo akasimama hivyo muda, afu akaomba maji ya kunawa. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akakunja mkono wa gauni. "Anza na mimi."

Tukasaini zile fomu za hiari, tukachomwa wote watano, tukakaa robo saa kwenye benchi kuangaliwa. Kijana alikuwa ameshika bega kama limevunjika. Mama mdogo hakuongea, ila mama alikuwa kamshika mkono muda wote, na wale hawakuwa wanaongea vizuri tangu msiba, kuna maneno yalipita kuhusu ile bajaji tuliyochelewa kuita.

Usiku mi nilipata homa na mkono ukawa mzito, mama hakusikia chochote. Asubuhi nikaamka nikamkuta mama na mama mdogo mwaloni wanageuza dagaa kwenye turubai moja.