Hori ya Mringaringa

"Mama, hori ni nini?"

Binti yangu alikuwa anajizoeza kusoma Luka 2 kwa ajili ya ibada ya watoto, akakwama mstari wa saba. Nikamwambia ni chombo cha kulishia ng'ombe. Akaitikia, akaendelea: "...akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Amezaliwa Dar es Salaam, ng'ombe anawaona kwenye malori tu. Alimaliza akaenda kulala. Mimi usingizi haukuja.

Marangu, mkesha wa Krismasi 1994. Wajomba walikuwa wameshapanda kutoka mjini, mbuzi amefungwa kwenye mgomba, nyumba imejaa. Jioni wote wakaenda kanisani isipokuwa Bibi nami. Mtamba wake, ng'ombe wa uzao wa kwanza, alikuwa anahangaika tangu mchana, akahitaji mtu wa kushika taa. Nilikuwa na miaka 11, na katika igizo nilikuwa malaika. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshapigwa pasi. Niliishika taa ile huku nalia.

Bibi alipaka mkono sabuni mpaka kwenye kiwiko. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umetoka, wa pili umejikunja ndani. Aliurudisha kidogo, akautafuta, akaunyoosha, kisha akawa anavuta pale tu mtamba alipojisukuma. Alipopumzika, naye akapumzika. Ndama akaanguka kama mzigo, hapumui. Bibi akachukua unyasi akamtekenya puani. Akapiga chafya.

Mvua ilikuwa imeingia zizini, chini ni tope tupu.

"Mama, toa majani humo," akaniambia.

Humo ni ndani ya hori. Babu aliichonga kwenye gogo la mringaringa kabla sijazaliwa. Nikaingiza mikono, nikatoa mabingobingo na vipande vya mgomba, nikavimwaga pembeni. Kanisani hori yetu ilikuwa boksi lililovikwa karatasi ya kumeta na pamba ndani. Hii ilikuwa na ute. Ndimi za ng'ombe zilikuwa zimeilamba miaka mingi hadi mbao ikalainika kama kiganja, na kwenye kona palikuwa na mabaki ya majani yaliyochacha, harufu yake kali. Niliipitisha mikono yangu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikaona ina joto kidogo, pengine ni pumzi za ng'ombe mkubwa aliyekuwa anakula hapo punde. Nikatandika majani makavu ya migomba. Bibi akamlaza ndama. Mama yake akainuka, miguu inatetemeka, akapitisha shingo juu ya ukingo akaanza kumlamba.

Nikakumbuka kwamba Maria naye lazima aliinusa hori ile kabla ya kumlaza mtoto.

Bibi akafumba macho, mikono bado ina damu, akaomba kwa Kichagga. Sikumsikia akimtaja malaika wala nyota. Aliomba kondo la nyuma litoke salama, na mtamba asikatae kunyonyesha. Niliona aibu kubwa. Sikujua kwamba neno kama lile linaweza kusemwa mbele za Mungu. Mpaka leo naomba kwa maneno yaliyonyooka kuliko yale, na sina hakika kama naomba vizuri kuliko yeye.

Kondo lilitoka kabla wenzetu hawajarudi. Tukakamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndama akanywa. Asubuhi nilikwenda ibadani na gauni langu la malaika, na Luka aliposomwa nilikuwa nimeweka viganja puani. Sabuni ilikuwa haijaiondoa ile harufu, nami sikutaka iondoke.

Nilimsimulia binti yangu haya yote wakati wa chai. Akasikiliza kimya, mkate mkononi, kisha akauliza:

"Sasa yule ng'ombe mkubwa alikula wapi?"

Nilikuwa nimemsahau kabisa. Alikuwa amesimama pale pembeni, majani yake yako kwenye tope, anatutazama. Hakulia, wala hakumsukuma mtamba. Alisubiri mpaka alfajiri, Bibi alipomwinua ndama na kuniambia nirudishe chakula.